Sauti Nne Milimani: Historia Fupi ya Muziki wa Watu Wachache Nyanda za Juu Kusini



Miaka iliyopita kijitabu hiki kilibeba habari za barabara, zahanati, madawati na maji ya bomba. Mwaka huu kamati imeongeza jambo moja katika orodha ya michango, na wajumbe kadhaa wameuliza limetoka wapi. Jambo lenyewe ni muziki. Nimeombwa nieleze historia yake ili kila mmoja aamue akijua anachochangia.

Muziki ninaousema si wa dansi wala wa redio. Ni ule unaoimbwa au kupigwa na watu wachache, kila mmoja akishika sauti yake, bila kipaza sauti, mbele ya wasikilizaji walio karibu kiasi cha kuonana usoni. Ulaya wanauita muziki wa chumbani, kwa kuwa ulikuwa wa kupigwa sebuleni na si katika ukumbi mkubwa. Mtu wa Mbeya au Iringa anaweza kudhani haumhusu. Historia yetu inaonyesha vingine. Na ninaposema Mbeya na Iringa nina maana ya mikoa ile ya zamani, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Muziki huu ulienea kabla ya mipaka hiyo.

KABLA YA MISHENI

Tuanze na Uhehe. Wahehe wana chombo kiitwacho ligombo. Ni ubao uliochongwa katikati kama bakuli refu, na uzi mmoja hupitishwa kutoka ncha moja hadi nyingine, ukarudishwa tena na tena mpaka ukawa safu ya nyuzi. Kibuyu hufungwa hapo ili kukuza sauti. Hata kwa kibuyu hicho sauti ya ligombo ni ndogo. Mpigaji hukaa, hupiga na kuimba habari za watu na za mambo yaliyopita, na anayetaka kusikia lazima asogee. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alipita Tanganyika na ligombo likaingia katika sahani zake. Kwa hiyo muziki wa kusikilizwa na watu wachache kwa utulivu tulikuwa nao nyumbani kabla haujaletwa na mtu.

Hata kuimba kwa sauti zaidi ya moja hakukuwa kugeni. Majirani zetu Wagogo wanajulikana duniani kwa namna wanavyopanga sauti juu ya sauti, na Wahehe na Wabena nao huimba sauti zikiachana na kukutana. Mgeni aliyekuja kufundisha sauti nne hakumkuta mtu asiyejua kusikiliza sauti ya jirani yake.

MAFUNDI WA HERRNHUT

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu bila kwenda huko hatutaelewa kilichofika Rungwe. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walijenga kijiji mashariki ya Ujerumani, wakakiita Herrnhut. Walikuwa maseremala, wafumaji na wafinyanzi. Kijijini mwao muziki ulikuwa kazi ya kila mtu. Tangu mwaka 1731 walikuwa na kikundi cha matarumbeta marefu, yaani tromboni, cha kuitia watu ibada na kutangaza misiba. Mwaka 1732 wakaanza desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kuimba jua likichomoza. Mtu wa Rungwe au Mbozi anaijua alfajiri hiyo, hata kama hakupata kulisikia jina la Herrnhut.

Wamoravian walipohamia Marekani walijenga miji midogo, Bethlehem katika Pennsylvania na Salem katika North Carolina, na huko nako mafundi wale wale walipiga fidla jioni baada ya kazi. Bethlehem ilikuwa na chama cha wapiga muziki tangu mwaka 1744. Mmoja wa watoto wa Pennsylvania, John Antes, aliyezaliwa mwaka 1740, alikuwa fundi wa kutengeneza fidla na saa. Mwaka 1770 kanisa lake lilimtuma Misri. Mwaka 1779 alikamatwa na watu wa mkubwa mmoja waliotaka fedha, akachapwa nyayoni hata kutembea kukawa shida. Katika miaka hiyo ya Cairo alitunga tungo tatu za kupigwa na watu watatu, fidla mbili na sello, ambazo baadaye zilichapishwa London. Wanahistoria wanazihesabu miongoni mwa tungo za kwanza za aina hiyo za mtu aliyezaliwa Marekani, na ziliandikwa katika ardhi ya Afrika na fundi wa saa mwenye miguu iliyoumizwa.

Nataja hayo ili tuone jambo moja. Watu waliofika kwetu hawakutoka katika kumbi za wafalme. Walitoka katika mapokeo ya vijiji, ambako seremala angeweza kuwa mpiga fidla na hakuna aliyeshangaa.

MWAKA 1891

Mwaka huo misheni mbili za Kijerumani zilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, zote zikipitia ziwani kutoka kusini. Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walikuwa wanne walipoondoka kwao. Georg Martin alifariki kabla ya kufika. Waliobaki walijenga Rungwe, chini ya mlima. Misheni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, ilianza upande wa pili wa nchi ya Wanyakyusa. Kutoka hapo Wamoravian walienda Rutenganio, Ipyana, Utengule na Mbozi. Waberlin walipanda milima ya Livingstone hadi Bulongwa na Tandala kwa Wakinga, kisha Kidugala, Ilembula na Lupembe kwa Wabena. Upande wa Iringa, Wabenediktini walifungua Tosamaganga mwishoni mwa karne ile, na baada ya vita kuu ya kwanza kazi hiyo ikashikwa na Wakonsolata kutoka Italia.

Nyimbo zao zilitafsiriwa kwa Kinyakyusa, Kinyiha, Kikinga na Kibena. Fidla hazikufika kwa wingi. Zilikuwa ghali, na gundi na nyuzi hazipendi ukungu wa Rungwe wala baridi ya Ukinga. Kilichofika ni sauti ya mtu, kinanda cha kukanyaga, na baadaye tarumbeta. Lakini mpango wa muziki ulikuwa ule ule: soprano juu, alto chini yake, tena na besi, sauti nne zinazokwenda kila moja njia yake na kufika pamoja. Kwaya ya watu kumi na wawili katika kanisa la matofali ya udongo inafanya kazi ile ile ya kikundi cha fidla nne sebuleni. Kila mtu anasikika, na mmoja akikosea wote wanajua.

MWANDIKO WA DAFTARI

Kilichosaidia muziki huu kutoka misheni na kuingia vijijini ni mwandiko wa sol-fa. Nota za mistari mitano zinahitaji karatasi maalumu na mwalimu wa muda mrefu. Katika karne ya 19 mwalimu wa Kiingereza, Sarah Glover wa Norwich, alibuni njia ya kuandika wimbo kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaieneza. Kwa d, r, m, f, s, l, t na alama chache za nukta na mistari, mtu anaweza kuandika wimbo wa sauti nne kwa penseli katika daftari la shule.

Misheni za Waskoti na Waingereza zilibeba mwandiko huu kusini mwa Afrika. Mwaka 1897 mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, alitunga kwa sol-fa wimbo ambao sauti yake leo tunasimama wima tunapouimba: ndiyo sauti ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wetu wa Taifa. Livingstonia, jirani zetu ng'ambo ya mto Songwe, waliitumia pia. Kwetu sol-fa imekuwa mwandiko wa mwalimu wa kwaya hadi leo. Nimewahi kumwona mzee asiyesoma gazeti kwa sababu ya macho, lakini akipewa sauti ya mwanzo anaimba besi ya ukurasa mzima kwa herufi alizoandika mwenyewe akiwa kijana.

WAGENI WALIPOONDOKA

Hapa ndipo historia inakuwa yetu hasa. Mei 1916 majeshi ya Uingereza, wakitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yalichukua Tukuyu, na Agosti mwaka huo yakaingia Iringa. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lote hilo, na Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Kwa hiyo kwa karibu miaka kumi shule za vijijini, ibada na nyimbo vilishikwa na walimu wenyeji. Hao ndio waliotoa sauti ya kwanza asubuhi na kuwafundisha vijana besi na tena kwa kukariri. Mwaka 1939 vita ya pili ilipoanza, Wajerumani walikamatwa tena. Safari hii Waswidi na Wamarekani walikuja kuziba pengo, na mzigo wa kila siku ukabaki tena kwa walimu wenyeji.

Muziki ulioletwa na wageni ungeweza kufa mara mbili, na mara zote mbili haukufa. Sababu ni kwamba ulikuwa tayari katika vichwa na madaftari ya watu wetu. Walimu hao hawana sanamu mahali popote. Wengi hata majina yao hayamo vitabuni.

TARUMBETA NA VIBUYU

Vita ya kwanza ilileta jambo jingine. Askari na wapagazi waliorudi nyumbani walikuwa wamesikia bendi za jeshi. Kutoka pwani ulikuwa umeenea mchezo wa beni, wenye vyeo, mavazi ya kijeshi na ngoma kubwa. Kandokando ya Ziwa Nyasa vijana hawakuwa na fedha za kununua shaba, basi wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakabandika utando wa buibui kwenye tundu, na kibuyu kikalia kama tarumbeta. Wakavipanga vidogo na vikubwa, sauti nyembamba na sauti nene, kama bendi yenyewe. Mchezo huo ni malipenga, na ndugu yake ni mganda.

Nataja vibuyu hivyo kwa sababu vinajibu swali la vifaa. Watu wetu hawakungoja shaba ifike ndipo wajifunze kupanga sauti. Waliposikia kitu kizuri walikijenga kwa kilichokuwa shambani.

NYIMBO ZA NANI?

Si haki kueleza historia hii kana kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Katika vituo vingi ngoma zilikatazwa, na vijana waliambiwa kwamba muziki wa baba zao ni wa giza. Tena maneno yetu yaliumia. Lugha kama Kihehe na Kibena hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno lenyewe, na ukilibandika neno kwenye wimbo wa Kijerumani unaokwenda kinyume chake, msikilizaji anasikia neno lililovunjika.

Wapo waliolitambua mapema. Katika miaka ya 1930 mmisionari wa Kimoravian katika eneo letu, Franz Rietzsch, alichunguza nyimbo za wenyeji na kudai kwamba zina mpangilio wake wa sauti ambao haufai kufunikwa na sauti za Ulaya. Upande wa Ruvuma, padre Stephen Mbunga alitunga misa kwa sauti za kwetu, na mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Wabantu. Leo mwalimu wa kwaya wa Makete au Kyela anaandika wimbo wake mwenyewe kwa sol-fa, kwa sauti nne, wenye mwendo wa ngoma ya nyumbani, na haoni ugomvi kati ya mambo hayo. Mabishano yale yalimalizwa na watunzi wa vijijini kwa kutunga.

KINACHOPOTEA

Nyimbo hizo ziko wapi? Ziko katika madaftari. Mwalimu akifa, daftari hubaki juu ya dari, na juu ya dari kuna moshi, panya na mchwa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya chini ya mlima Rungwe. Tulipofungua sanduku lake mwaka mmoja baada ya msiba, madaftari mawili yalikuwa mazima na mengine yalimwagika mikononi kama unga. Nyimbo zilizokuwemo tulizijua sauti ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo inayokumbukwa na kila mtu. Alto, tena na besi zimekwenda.

La pili ni wasomaji wa sol-fa. Kwaya nyingi leo hujifunza kwa kusikiliza simu, na huimba juu ya mdundo uliokwisha kurekodiwa studio mjini. Siwalaumu vijana, kwa maana studio imewapa watunzi wengi kusikika. Lakini kwaya inayofuata kinanda cha umeme haihitaji kusikilizana, na umeme ukikatika kijijini, ibada nzima hunyamaza. La tatu ni matarumbeta yenyewe. Vikundi vingi vina vyombo vilivyobonyea, vyenye valvu zilizoganda, na fundi wa karibu hayupo.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Tusidhani jambo hili linahitaji utajiri kwanza. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya waumini wa Kimbangu. Walianza na fidla chache, wakipokezana, na uzi ulipokatika walijaribu waya wa breki ya baiskeli. Leo okestra hiyo imepiga katika kumbi za Ulaya. Nairobi, watoto wa mtaa wa Korogocho hujifunza fidla, klarineti na tarumbeta katika mpango wa Ghetto Classics. Pote wawili walianza na walimu wachache na mahali pa kukutania. Sisi tuna kitu ambacho wao hawakuwa nacho: zaidi ya miaka mia moja ya watu wanaojua kushika sauti nne.

TUNACHOOMBA

Kamati imependekeza mambo matatu, na makadirio ya kila moja yamo katika fomu ya ahadi iliyoambatanishwa.

Kwanza, kunakili madaftari. Vijana wawili wataenda nyumba kwa nyumba kwa ruhusa ya familia, watapiga picha kila ukurasa, na daftari litarudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Jina la mtunzi litaandikwa kila mahali.

Pili, kumleta fundi wa matarumbeta kwa wiki kadhaa, atengeneze yaliyopo na awafundishe vijana wetu kazi hiyo, ili mwakani tusimlete tena.

Tatu, safari ya muziki. Kikundi cha watu wasiozidi kumi na wawili, waimbaji na wapiga tarumbeta, kitazunguka vijiji ambavyo gari la tamasha haliendi, wakati wa kiangazi ambapo barabara zinapitika. Wataimba shuleni asubuhi na barazani jioni, bila kipaza sauti. Mpiga ligombo au malipenga wa mahali pale ataombwa apige nao. Kabla ya kuondoka wataacha ukurasa mmoja wa sol-fa, na mtu mmoja aliyefundishwa kuusoma.

Katika kikao chetu cha mwisho mzee mmoja alisimama akasema, "Tarumbeta haileti maji." Ni kweli, na ndiyo maana fedha za maji hazitaguswa. Hesabu ya muziki ni ya peke yake, na asiyetaka kuichangia hatalazimishwa. Lakini nilimkumbusha jambo moja ambalo yeye mwenyewe alilishuhudia. Katika kijiji chake, msiba ukitokea usiku, kabla mwenyekiti hajapigiwa simu na kabla sisi wa Dar es Salaam hatujatuma mchango, watu wa kwanza kufika ni kwaya. Wanafika kwa miguu, wanasimama uani gizani, mmoja anatoa sauti, na zile nyingine tatu zinaingia. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akauliza fomu inapatikana wapi.

Fomu iko ukurasa wa mwisho. Kama huna fedha lakini unalo daftari la marehemu nyumbani kwenu, andika hivyo kwenye fomu. Na kabla hujaleta fomu, tafadhali literemshe kutoka darini usiku huu huu.